Kibao cha Mbwa Mkali

Kibao kilitangulia, mbwa akafuata. Nilikitundika getini siku tatu kabla: bati jeupe, herufi nyekundu, MBWA MKALI. Kisha huyo mkali mwenyewe akaletwa ndani ya boksi la kadibodi, ana wiki 8, amelowa mkojo wake, analia kwa sauti nyembamba kama bawaba iliyokosa mafuta. Mama aliinama akamtazama. Akaiangalia ile miguu ya mbele, minene, utadhani kaazimwa na mnyama mwingine. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, umejitwika mzigo."

Jina likapatikana hapo hapo.

Mzigo sasa ana miaka 9 na kilo 48. Ni Rottweiler dume, mweusi, mwenye madoa mawili ya kahawia juu ya macho yanayomfanya aonekane anatafakari jambo zito, hata pale anapowaza bakuli tu. Watu hunisimamisha njiani: "Na mimi nataka mkali kama huyu, nifanyeje?" Nikisema huyu si mkali wanacheka, wanadhani nawaficha siri. Basi naandika yote hapa, pamoja na yale yanayonitia aibu, ili nikiulizwa tena niwape wasome.

Nilimtaka kwa sababu ya wizi. Tuliibiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara ya pili wezi walipitia dirisha la chumba alimolala mama. Sikuwa natafuta rafiki wa kucheza naye. Nilitaka kitu cha kuogopesha, kikubwa, cheusi, chenye meno. Kwamba kuna mbwa anayeogopwa na kuna mbwa anayeogopa, na kwamba huyo wa pili ndiye wa kuchungwa zaidi, hilo sikuwa nalijua.

Laiti ningeuliza katokea wapi kabla ya kuuliza anauma vipi. Rottweil ni mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar, uliosifika zamani kwa biashara ya ng'ombe. Mbwa hawa walikuwa wa wachinjaji na wachuuzi wa mifugo. Waliswaga ng'ombe kwenda sokoni na kukokota mikokoteni ya nyama. Husimuliwa kwamba mchinjaji akishauza, alikuwa anafunga mfuko wa fedha shingoni mwa mbwa wake na kurudi nyumbani bila wasiwasi, maana nani angepeleka mkono pale? Reli zilipoanza kubeba ng'ombe katika karne ya 19, mbwa akakosa kazi na idadi yake ikaporomoka. Waliomrudishia kazi ni polisi: mwaka 1910 alikubaliwa rasmi huko Ujerumani kuwa mbwa wa polisi, na mwaka 1921 wafugaji wake wakaungana katika klabu moja, ADRK, ambayo mpaka leo ndiyo inayomwangalia kule alikozaliwa.

Ukishajua kwamba babu zake walikuwa waswagaji, mambo mengi yanajieleza. Ng'ombe mbishi husukumwa kwa bega na kifua. Mama akibeba beseni la nguo kwenda kuanika, Mzigo humjia ubavuni, anamwegemea, anamsukuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kamrudisha mlangoni alikotoka. "Wee Mzigo, mimi si ng'ombe!" Anasimama. Anatafakari kwa yale madoa yake. Kisha anazunguka na kuanza upya upande wa pili. Wageni wakiegemewa namna hiyo husema, ona anavyonipenda. Huenda. Ila mimi naona kama anawapeleka sokoni.

Na mkia anao, mrefu tu. Wapo wanaoniuliza kwa nini sikumkatisha, kwa kuwa wamezoea kumwona Rottweiler mwenye kishina. Ujerumani kwenyewe walipiga marufuku kukata mikia ya mbwa mwaka 1998. Mimi nisingeukata hata kama ningeruhusiwa. Mkia ni nusu ya maneno yake, na nitakavyoeleza hapo mbele, niliwahi kumnyima maneno mengine na ikatugharimu.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nami nilimkunja, tena mapema kweli, ila nilimkunja vibaya.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Mbwa wa ulinzi asizoee watu. Afungiwe mchana, afunguliwe usiku. Asiguswe na mtu yeyote isipokuwa mwenye kumlisha. Mmoja alinishauri hadi pilipili kwenye chakula. Pilipili sikumtia, lakini mengine niliyashika yote. Wiki zake tatu za kwanza kwetu alizimaliza ndani ya stoo, kati ya makopo ya rangi na baiskeli mbovu. Mimi tu ndiye niliyeingia.

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya pili, daktari alinyoosha mkono kumpima. Mzigo akajibana kwenye pembe ya meza, akajikojolea, akaonyesha vijino vyake vyeupe. Nilifurahi, niseme ukweli. Nikadhani ndiyo yale niliyokuwa nayataka. Daktari akaweka kalamu chini.

"Ndugu yangu, hapa unafuga woga. Leo woga huo una kilo 9. Mwakani utakuwa na kilo 45 na meno 42."

Akanieleza kwa subira ambayo sikuistahili. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kama mlango wa duka asubuhi. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho, atakihesabu kuwa ni sehemu ya dunia: watoto, wazee wenye fimbo, pikipiki, mwavuli unaofunguka ghafla. Asichokutana nacho, kitamtisha ukubwani. Na mbwa mkubwa aliyetishika hana njia nyingi: akikosa pa kukimbilia, anauma. Wa kilo 5 akiuma kwa hofu, utapaka dawa na kucheka. Wa kilo 48 ni habari nyingine.

Lakini hapo kuna mtego. Kipindi hicho hicho ndicho cha hatari ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache, na Rottweiler wanajulikana kuathirika kuliko wengi. Virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo nayo haishiki siku moja: kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake humlinda, ila pia huivunja nguvu chanjo, na hakuna ajuaye siku gani hasa itaisha. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Sasa umtembeze au umfungie?

"Mbebe," daktari akasema.

Basi nikambeba. Kila jioni kwa zaidi ya mwezi nilikaa kwenye benchi karibu na kituo cha mabasi, mbwa mapajani, miguu yake minene ikining'inia pande zote mbili. Hakukanyaga chini. Watu walipita, yeye akatazama. Basi likipiga honi nampa kipande kidogo cha nyama. Mtu akipita na toroli, kipande kingine. Mara ya kwanza mwanamke mmoja alipofungua mwavuli, moyo wa Mzigo uliruka hadi nikauhisi kwenye kiganja. Mara ya kumi alipiga miayo. Wiki tatu za stoo sikuzifidia zote, na bado zipo ndani yake: hadi leo mtu mgeni akimjia kwa kasi, akamwinamia na kunyoosha mkono juu ya kichwa, mgongo wa Mzigo hukakamaa kama ubao. Hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Ukuaji wake nitaupitia haraka, maana hapo nilimsikiliza daktari. Mbwa wa jamii kubwa haharakishwi. Viungo vya nyonga na viwiko hukua polepole kuliko misuli, na ukimlisha anenepe upesi, au ukimwongezea unga wa kalsiamu ukidhani unamjenga mifupa, unamharibu. Mbavu zake nilipaswa kuzihisi kwa vidole bila kubonyeza. Nisimkimbize kilomita kwa kilomita wala kumrusharusha ngazini kabla hajafikisha mwaka na nusu hivi. Dawa za minyoo kwa ratiba, kupe kuangaliwa kila siku hadi katikati ya vidole na ndani ya masikio. Chokoleti, vitunguu, zabibu na mifupa iliyopikwa, marufuku. Mifupa mibichi mikubwa tu, na niwe namwona. Hata minyororo nitaisemea sentensi moja: mbwa anayeshinda amefungwa anajifunza kwamba hawezi kukimbia, na umeshasoma hapo juu anachokifanya asiyeweza kukimbia.

Kamba nayo ilikuwa vita. Mnyama ambaye ukoo wake ulikokota mikokoteni hahitaji kufundishwa kuvuta. Kwa miezi mitano kanuni yetu ilikuwa moja: kamba ikikaza, nasimama; ikilegea, tunaenda. Kuna siku tulitumia nusu saa kutoka getini hadi kwenye nguzo ya umeme ya kwanza. Majirani walidhani tumegombana.

Sasa nije kwenye lile ninaloliandika kwa shida.

Mzigo alipokuwa na miezi kama 14, mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 6, alimkaribia akiwa anatafuna mfupa. Mbwa hakuinua kichwa. Alikaza tu mwili, akanguruma, sauti ya chini, kama gari kubwa linalopita barabara ya mbali. Nilimrukia. Nilimkemea, nikampiga kofi la pua, nikamnyang'anya mfupa. Nyumba nzima ilikubaliana nami: mbwa hamngurumii mtoto. Kila aliponguruma tena, nilirudia. Baada ya miezi michache akaacha kabisa. Ukipita anakula, kimya. Ukimwondoa kwenye mkeka, kimya. Nilijisifu mbele za watu kwamba nimemweza.

Jirani yetu ni mzee wa makamo ya baba yangu, na sote tunamwita Mzee. Alikuja Jumapili moja kuazima ngazi. Mzigo alikuwa amelala kivulini kando ya mlango, mfupa katikati ya miguu. Mzee akainama, akamnyooshea mkono juu ya kichwa, "Hujambo, bwana mkubwa..."

Sikusikia chochote. Niliona tu kichwa cheusi kikipanda na kushuka. Mzee alirudi nyuma hatua mbili akiwa ameshika mkono wake, na mkono wa shati ulikuwa umechanika kuanzia kwenye kifungo. Chini yake matundu manne, mawili juu na mawili chini, yalikuwa bado meupe. Halafu yakajaa.

Tulimwosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, mama akiwa ameshika saa ya ukutani mkononi. Mzigo alikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti chake, lakini jeraha la mbwa huoshwa hivyo na kupelekwa hospitali bila kujadiliana na mwenye mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na kinga ipo, kwa mtu na kwa mbwa. Kama utafuga mbwa na kuikosa ile sindano, acha kufuga.

Usiku nilienda kwa Mzee kuomba radhi. Alikuwa amefungwa bendeji, ameketi mbele ya nyumba yake. Hakunifokea. Alisema, "Mimi nimefugia mbwa nyumba hii tangu hujazaliwa. Nimewahi kungurumiwa, nikarudi nyuma, yakaisha. Huyu wako hakupiga hata hodi."

Nikanyamaza, maana nilijua hodi yake ilikwenda wapi. Niliipiga makofi mimi mwenyewe mpaka ikafa. Sikumwondolea mbwa hasira, wala woga, wala ubahili wa mfupa. Nilimwondolea kengele, vitu vyenyewe nikaviacha ndani.

Mzee akaongeza, "Halafu kile kibao chako. Kibao kinasema mkali, wewe unasema mpole. Nimwamini nani?"

Nilikiondoa kesho yake asubuhi. Badala yake niliandika kwa mkono: KUNA MBWA. PIGA HODI, SUBIRI. Si kizuri kama kile cha mwanzo, herufi zimepinda, lakini mtu akikisoma anajua la kufanya.

Kumrudishia sauti yake kulichukua miezi. Tulianza na mfupa. Sikumnyang'anya tena, nilimpitia kwa mbali na kumtupia kipande cha nyama kilicho bora kuliko alichonacho, nikaenda zangu. Siku nyingi hivyo, umbali ukipungua kidogo kidogo, mpaka akawa akiniona nakuja anaachia mfupa mwenyewe na kunitazama mikono. Mtoto wa dada akapewa amri yake pia: mbwa anayekula au aliyelala haguswi, basi. Pale sebuleni nilimpa mkeka wake na neno lake, "mahali". Akienda mkekani hakuna wa kumfuata, hata mimi. Nilimzoesha pia kifunga mdomo cha matundu, kile kinachomwacha ahemee na kunywa maji, kwa kumpakia siagi ya karanga ndani yake, hadi akawa anakichomekea pua mwenyewe. Siku ya kuhitajika kwa daktari hakitakuwa adhabu.

Na nikajifunza kumsoma kabla ya kunguruma. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Anageuza kichwa lakini macho yanabaki, weupe unaonekana pembeni. Anafunga mdomo ghafla, anaacha kuhema. Huo ukimya wa sekunde moja ndio ninaouogopa kuliko kubweka kwa nusu saa.

Ngurumo ya kwanza ilirudi baada ya miezi 8. Fundi wa bomba alikuwa anampita karibu mno akiwa mkekani. Mzigo akanguruma, kidogo, karibu kama anaomba ruhusa. "Asante," nikamwambia, nikamwomba fundi apite upande wa pili. Fundi alinitazama kama mtu aliyeharibikiwa.

Jambo lililonipa moyo kipindi kile lilitoka Namibia. Huko, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, Kangal na ndugu zake. Mtoto wa mbwa hukuzwa pamoja na mbuzi hadi anawahesabu kuwa ni watu wake. Duma akija, mbwa anasimama kati yake na kundi na kubweka kwa nguvu zote. Duma ni mwindaji wa mbio. Akijeruhiwa atakufa njaa, hivyo hapendi ugomvi. Mara nyingi anageuza. Mbuzi amepona, na duma naye amepona bunduki ya mfugaji. Nilisoma hayo nikiwa nimejilaza, Mzigo anakoroma chini ya miguu yangu, nikawaza wezi wetu. Tangu yeye afike hawajarudi. Hajawahi kumshika hata mmoja. Anasimama tu getini usiku, anabweka mara tatu kwa sauti inayotetemesha vikombe, anasikiliza, anarudi kulala.

Ilikuwa mwaka wake wa 6 nilipokaribia kumpoteza, na safari hii tena kwa jambo ningeweza kulijua.

Nilikuwa namlisha mara moja kwa siku, jioni, bakuli la kujaa, naye analimaliza kabla sijageuza mgongo. Jioni ile alikula, kisha akakimbizana na mtoto wa dada uani. Saa tano usiku nikasikia sauti ya mtu anayetaka kutapika na hakitoki kitu. Mara moja, mara mbili, mara kumi. Nikawasha taa. Alikuwa anatembea, analala, anainuka, anageuka kuutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemgusa. Mdomoni povu tu. Nilipoweka mkono nyuma ya mbavu, tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma. Nikainua mdomo wake: ufizi ambao siku zote ni wa waridi ulikuwa wa kijivu.

Daktari alipokea simu kwa mlio wa kwanza. Sikumaliza sentensi. "Tumbo limejipinda. Usimpe maji, usimpe dawa yoyote, usisubiri kuche. Mlete."

Hili huwapata mbwa wenye kifua kirefu, wakubwa wengi. Tumbo hujaa gesi, kisha linazunguka kama mfuko unaofungwa, njia ya kuingilia na ya kutokea zote zinajifunga. Gesi haina pa kupita, damu haina pa kurudi. Mbwa hufa ndani ya saa chache, akiwa bado amesimama.

Sisi hatuna gari. Mzee analo. Nilimgongea na fulana ya kulalia, nikaeleza kwa maneno sita. Alitoka na funguo, akafika alipolala Mzigo, akasimama.

"Umemfunga mdomo?"

"Hapana, Mzee. Anataka kutapika, siwezi."

Alimtazama. Kwenye mkono wake wa kulia, chini ya mwanga wa taa ya mlangoni, yale makovu manne yalionekana vizuri tu. Akafungua mlango wa nyuma. "Shika kichwa. Mimi nashika miguu."

Tulimbeba kwa blanketi, mama akitangulia na tochi. Daktari alimchoma sindano nene ubavuni kutoa gesi, ikatoka kwa mluzi, kisha akamwingiza kwenye upasuaji. Tukakaa nje kwenye benchi. Mzee hakuondoka. Kila nilipoinuka kuchungulia alikuwa ananivuta shati nikae. "Mbwa hafi maji akiona ufuko," alisema mara moja, kisha akasinzia na mdomo wazi. Saa tisa usiku daktari akatoka: amelirudisha tumbo mahali pake na kulishonea kwenye ukuta wa ndani ili lisizunguke tena. Alisema mshono huo huweza kufanywa mapema kwa mbwa wa aina hii, kwa mfano siku wanapohasiwa. Niliambiwa nikiwa nimechelewa miaka 5.

Sasa anakula mara tatu, kidogo kidogo, kwenye bakuli lenye vigingi ndani linalomlazimisha kutafuta punje. Saa nzima kabla na baada, hakuna michezo. Na kuna akiba iliyowekwa pembeni kwa ajili yake, haiguswi. Ukiniuliza swali moja la kujiuliza kabla ya kumchukua mbwa wa kilo 48, ni hilo: upasuaji wa usiku utaulipa na nini?

Miaka 9 kwa Rottweiler ni uzee. Wengi huishi 8 hadi 10. Mvi zimempanda kuanzia kidevuni, yale madoa juu ya macho yamefifia. Nyonga zinamuuma asubuhi za baridi. Anapewa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, si hizi zetu, kwa kuwa baadhi ya dawa za watu humuua mbwa. Anainuka kwa awamu, mbele kwanza, kisha anakaa kidogo kama anayehesabu, kisha nyuma. Matembezi yetu yamerudi kuishia kwenye ile nguzo ya umeme ya kwanza. Mama, ambaye kwa miaka 9 amekuwa akisema huyu mbwa si wake, amemshonea godoro.

Jana jioni Mzee alikuja kurudisha ngazi. Alisimama nje ya geti, chini ya kibao changu kilichopinda.

"Hodi."

Mzigo alianza safari yake ya kuinuka. Mbele. Akatulia. Nyuma. Akatembea hadi getini, akapeleka pua kwenye uwazi wa chini, akavuta hewa kwa muda mrefu. Kisha akanguruma, mara moja, chini chini.

"Ameitikia," Mzee akasema, akaegemeza ngazi ukutani na kusubiri nije kufungua.